Daktari wa Farasi Azikwa Nje ya Uzio

Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, punda wa Nasambu alisimama katikati ya njia panda ya Mamboleo, mkokoteni ukiwa na mitungi kumi na minane ya maji. Nyuma yake wakasimama punda wengine wote: wa mchanga, wa mkaa, hata yule wa kuzungusha masufuria. Hawakulia. Kila mmoja aliinua mguu wa mbele wa kushoto akauacha hewani, kama mgonjwa anayengoja kuangaliwa kwato. Makondakta walitukana, lori likapiga honi, mguu haukushuka. Saa tatu na nusu simu ya Nasambu ililia. Aliambiwa Daktari Dorca Aloo ameaga kwa presha, saa tatu na dakika kumi.

"Najua," Nasambu alisema. "Huku tumeshaambiwa." Akaanza kushusha mitungi.

Daktari alikuwa amesomea farasi. Aliporudi Kisumu na cheti chake alikuta mji mzima una farasi watatu, wote wa kubeba watoto kando ya ziwa wakati wa Krismasi. Aliwatibu hao watatu, kisha akageukia punda. "Punda ni farasi aliyenyimwa jina," alisema, na kwa miaka thelathini na mmoja hakusikika akilalamika zaidi ya hapo. Jumamosi alifundisha wenye mikokoteni nyuma ya duka la mbao pale Mamboleo: namna ya kuinua mguu bila kupigwa teke, kuchokoa kwato, kukunja gunia chini ya kamba ili isichubue kifua. Aliyekuja na fimbo aliambiwa aiache nje pamoja na tabia zake. Nasambu alifika hapo kutoka Webuye na punda anayechechemea, akafundishwa mpaka akawa anafundisha wengine.

Hakuolewa, Daktari. Jambo hilo lilikuwa dogo kwa miaka sitini na mitatu, likawa kubwa Ijumaa moja mchana.

Alitaka kulazwa kando ya mama yake, ndani ya boma lao karibu na Katito. Alimwambia Nasambu hivyo mara mbili, mara ya pili akiwa ameshika kwato. Lakini Mzee Obonyo, ndugu ya baba yake, aliketi kwenye sofa ya sebuleni na kutangaza kwamba binti asiyeolewa hazikwi ndani ya boma. Kaburi litachimbwa nje ya uzio, upande wa nyuma, karibu na shimo la takataka.

"Mzee," Nasambu alisema, "hii nyumba si ni yeye alijenga?"

"Alijenga."

"Na hiyo sofa umekalia?"

"Alinunua. Tutamshukuru kwa hotuba."

"Ng'ombe wako alizalisha nani, ile usiku mvua ilibeba daraja?"

"Nyathiwa, mtoto wetu Dorca. Mtoto mzuri sana," alisema Mzee Obonyo, na machozi yalimtoka ya kweli. "Lakini mama, wewe ni wa wapi?"

"Webuye."

"Basi huko Webuye zikeni vile mnataka."

Wazee wakacheka kidogo, kwa heshima ya msiba.

Jumamosi asubuhi punda walifika. Wa Mamboleo walikuwa arobaini na watatu, bila mikokoteni na bila mtu wa kuwaongoza. Wa Luanda Kotieno walivuka kwa feri hadi Mbita wakatozwa nauli ya abiria wasio na mizigo. Mchuuzi mmoja wa omena aliwalipia, kwa kuwa alikuwa akija mazishini pia. Nyuma yao walikuja farasi watatu wa Krismasi, wazee sasa, riboni zikiwa bado shingoni.

Nyumbani kwa Waluo mwanamume mwenye heshima akifa, ng'ombe huswagwa mbio kuzunguka boma, vumbi lipande, kifo kifukuzwe. Mwanamke hafanyiwi hivyo. Punda walifanya. Mchungaji alipofungua Biblia walianza kukimbia kuzunguka boma, na vumbi likapanda mpaka turubai ikawa nyekundu. Wazee walijadiliana kwa dakika tano wakaona hakuna kosa: vumbi limeletwa na wanyama wenyewe, ukoo haumo. Kisha wakamzika Daktari karibu na shimo la takataka, kwa nyimbo tamu na hotuba saba. Mzee Obonyo alitoa mbili.

Jumatatu uzio ulikuwa umesogea. Ulikuwa uzio wa ojuok, ile mimea yenye utomvu mweupe, umesimama pale tangu enzi za babu. Sasa ulikuwa hatua kumi na moja nje zaidi, na kaburi lilikuwa ndani. Vijana wa ukoo waliung'oa, wakapanda upya mahali pake pa zamani. Jumatano ukarudi. Wakaung'oa tena. Ijumaa uliondoka mchana, watu wakinywa chai, wakauona vizuri: kila mmea ulitoa mzizi mmoja, ukaukung'uta udongo, ukaushusha mbele, ndipo ukatoa wa pili. Haukuharakisha. Nasambu, aliyekuwa amekuja kumwagilia kaburi, alisema wazi kwamba miguu inainuliwa ipasavyo.

Kikao kiliitwa. Hakuna aliyebisha kwamba uzio ulitembea. Jambo hilo liliandikwa katika mstari wa kwanza wa kumbukumbu. Nasambu alisimama mlangoni, kwa sababu hakupewa kiti.

"Sasa yuko ndani," alisema. "Semeni tu yuko ndani. Neno moja. Tuweke msalaba unaoonyesha yeye ni mtoto wa hapa."

Mzee Obonyo alifikiri sana. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lilikuwa likimchoma Nasambu kuliko ubaya.

"Mama," alisema hatimaye, "uzio ni mti. Mti una uhuru wa kusimama pale unataka. Lakini boma haipimwi na mti. Boma inapimwa na wazee."

Wakapiga kura kwa mikono. Daktari yuko nje.

Basi ikawa hivyo. Mnyama mgonjwa akilazwa kwenye udongo wa kaburi lile huamka mzima kabla chai haijapoa, na watu wanakuja hadi kutoka Kendu Bay. Mwezi wa tatu tangu mazishi, punda wa Mzee Obonyo alivimba mguu. Alimleta mwenyewe, pole pole, akifungua lango jipya ambalo ukoo ulitengeneza ili wagonjwa wasipite sebuleni. Nasambu alikuwa akipalilia.

"Umemleta wapi, Mzee?"

"Kwa daktari wetu."

"Na daktari wenu yuko wapi?"

Mzee Obonyo alimlaza punda kwenye udongo, akamshika shingo kwa upole kama alivyokuwa amefundishwa. Akatazama ojuok iliyowazunguka pande zote, mbichi na nene.

"Yuko nje," alisema. "Lakini funga hilo lango, mama, punda asije akatoka."