Mto Uliofukuzwa Kawangware

Jumamosi hiyo Wekulo alikuwa akipiga randa mguu wa kitanda kwenye kibanda chake cha useremala, kando ya mto, pale mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi. Maji yaliingia kwa nyuma kimya kimya, yakainua fremu za sofa na kuondoka nazo. Haikuwa mara ya kwanza tangu gorofa ijengwe ng'ambo. Mwenye gorofa alimwaga udongo na kifusi mtoni, akajenga ukuta wa mawe hadi katikati ya mkondo, mto ukabaki na nafasi kama ya uchochoro. Watu wa ofisi ya kaunti walikuja, wakapiga picha, wakaenda.

Wekulo aliokota mbao zilizobaki. Hazikutosha kitanda, ila zilitosha mlango. Basi akatengeneza mlango, akausimamisha na fremu yake ukingoni, ukitazama mto. Kulia hakukuwa na ukuta, wala kushoto.

Mvua iliporudi, mto ulipanda hadi mlangoni, ukabisha.

"Leo hapana," Wekulo akasema, brashi ya vanishi mkononi.

Mto ulisimama kidogo, kama mgeni anayesikiliza iwapo kweli ndani kuna watu, kisha ukageuka ukaenda zake. Kibanda kilibaki kikavu.

Trizah wa saluni alitaka mlango wake wiki hiyo hiyo. Musembi mwenye bucha akafuata, na majirani wengine nyuma yake. Ukingo wote ukajaa milango, mingine ya mbao, mingine ya mabati, na mto ukawa unapita ukibisha na kukataliwa. Watu walilala vizuri. Hakuna aliyeuliza unakwenda wapi.

Aliyewaambia ni Mourine, dada yake Wekulo. Alikuwa amepanga chumba Sarang'ombe, Kibera, akiuza chapati na maharagwe ya madondo hapo mbele na kulala nyuma ya pazia. Alipiga simu asubuhi moja.

"Wekulo, mto wenu uko hapa kwangu."

"Si nyinyi mna wenu huko Kibera?"

"Wetu naujua. Huu umetoka upande wa barabara, na umeleta vumbi la mbao. Kuja uone."

Kutoka Kongo hadi Sarang'ombe hakuna bonde la kuunganisha. Mto ulikuwa umetumia barabara. Watu wa Dagoretti Corner waliuona ukipita pembeni, ukipisha magari, na mama mmoja muuza mboga akauelekeza njia ya Kibera.

Wekulo alikuta godoro limeanikwa juu ya mabati na unga wote umekuwa uji. Alama ya maji ukutani ilimfika kifuani. Mourine alikuwa anafua mapazia.

"Ulibisha?" Wekulo akauliza.

"Ulibisha. Nikadhani ni mteja, nikafungua."

"Nitakuletea mlango kama wetu. Ukibisha tena, unaukataza."

Mourine alikamua pazia mpaka likaacha kutiririka. "Nikiukataza utaingia kwa jirani yangu Aoko hapo chini. Na mamake hatembei. Si wewe ufungue wako?"

"Nikifungua, kazi yangu imeisha."

"Na yangu?"

Wekulo alishika upande mmoja wa pazia, wakalianika. Kisha akarudi Kawangware.

Jumapili baada ya kanisa aliwaita wenye milango. Trizah alisema anamhurumia huyo dada, lakini mashine zake za nywele zikilowa amekwisha. Musembi akasema wanagombania milango bure, shida ni ule ukuta, afadhali waende kwa mwenyewe.

Walienda. Wekulo alibeba mlango mpya begani. Mlinzi wa gorofa, Mulei, aliwasalimia vizuri kupitia tundu la geti, akasema bosi hayuko na ukuta hauguswi.

"Sitaki kuubomoa," Wekulo akasema. "Niutoboe tu niweke huu mlango, mto upate pa kupita."

Mulei aliuangalia mlango juu hadi chini. "Hii ni kazi safi, fundi," akasema. Geti halikufunguliwa. Juu ya vichwa vyao mafundi walikuwa wanamwaga zege ya orofa nyingine. Waliporudi, kila mtu aliingia kwake.

Mawingu yalipotanda tena, Wekulo alipandisha vifaa vyake juu ya kabati, akafungua mlango wake wazi kabisa, akaketi kwenye benchi kungoja. Mto ulifika. Ulichungulia ndani, ukagusa kizingiti, ukapita.

Wekulo alitoka nje kwenye mvua. "Ingia basi! Leo nimefungua."

Mto ulikuwa umeshazoea njia ya Kibera. Haukugeuka. Wekulo alirudi ndani akabaki ameketi pale pale, miguu mikavu.

Mourine alifunga hoteli yake mwezi huo. Sufuria zilibebwa kwa mkokoteni hadi Kongo, akawa anaishi na kaka yake, mahali pakavu. Alipika kidogo na kuongea kidogo. Wingu likitanda, alishika simu mkononi na hakuiweka chini.

Aoko alipiga alasiri moja, mvua ikinyesha.

"Mourine, mto umekuta kufuli kwako, sasa uko kwangu. Kuja na mtu mwenye nguvu."

Wekulo na Mourine walitoka kwa miguu, kwa sababu magari yalikuwa yamekwama. Mto nao ulikuwa bado unashuka, ukitembea pembeni mwao njia nzima. Ndugu hao wawili hawakuutazama.

Walikuta Aoko amesimama ndani ya maji akishikilia kitanda kisiondoke. Mamake alikuwa ameketi juu ya kitanda hicho, shali mabegani, miguu ikining'inia majini kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuipandisha. Wekulo alishika upande wa kichwani, Mourine upande wa miguuni.

"Hii maji inatoka wapi?" mama akauliza.

"Kwetu, mama," Wekulo akasema. "Ni yetu."

Mama alimtazama kama mtu aliyeletewa wageni bila kuambiwa.

"Haya," akasema. "Niinulieni miguu."