Matundu Manne

...manne, anasema, njia zote mbili za kunipasua ni matundu manne, kumbe tofauti si idadi, ni upana, na mimi naitikia kwa kichwa kama nimeelewa, fomu iko mezani sijasaini, huyu daktari Hashimu ana umri wa mwanangu wa kwanza, ameniamkia vizuri, sasa anaeleza tena polepole, "Kwa njia ya kawaida, mama, tundu kubwa ni upana wa kidole. Kwa hii nyingine ni madogo zaidi, makovu hayaonekani sana, maumivu huenda yakapungua kidogo. Ila vifaa ni vyembamba, na kamera pia. Nisipoona vizuri, itabidi niyapanue matundu katikati ya kazi," huenda... kidogo... mimi nilishachagua tangu natoka Matombo, madogo, yasionekane, maana Castory mume wangu anajua nimeshuka Morogoro kuuza iliki, habari ya mawe kwenye nyongo sijamwambia, dada Martina alipopasuliwa, kovu refu toka mbavuni, mumewe alilitazama mwezi mmoja tu, akasema huyu hawezi tena kubeba mkungu wa ndizi, akaoa mwingine, dada akarudi nyumbani na sufuria zake mbili, "Mama Eufrazia, unanisikia?" nasikia, baba, nasikia... lakini Castory si yule, mbona namfanya yule, mwezi uliopita maumivu yaliponikunja shambani nikamwambia ni gesi tu, akanitazama, akachukua mkungu wangu akaubeba pamoja na wake, ule mteremko wote, hakuuliza kitu, na tangu siku ile maji anateka yeye, wenzake wanamcheka kisimani, wiki ya nne sasa, mwanamume anayeamini ni gesi hateki maji wiki nne... anajua, Mungu wangu, anajua, ananingoja niseme, na mimi nataka daktari ahangaike gizani tumboni mwangu ili nimfiche mtu anayejua, "Angekuwa mama yako, ungemfanyia ipi?" sauti yangu hiyo, imetoka yenyewe, naye anafikiri kwanza, nimependa anavyofikiri, "Ile ninayoona vizuri zaidi. Ya kawaida. Lakini tumbo ni lako, mama," ni langu, ndiyo, na makovu yatakuwa yangu, manne, Castory atayaona akitaka, sitavuta khanga kuyafunika... daktari anangoja, nami napapasa mkobani natafuta simu nimpigie Castory, atauliza iliki imeuzwaje, nitamwambia sijauza, niko hospitali.