Eda ya Bi Mwanatumu

Watu wa miradi hupenda kusema wamekuja kusikiliza. Mimi ni mtu wa mradi, tena mratibu, na nawaambieni kusikiliza ni kazi rahisi. Mtu unakaa, unatikisa kichwa, kinasa sauti kinafanya yake. Taabu huanza ukishafika nyumbani na ulichosikia.

Mradi wetu ulikuwa wa kukusanya habari za vita vya Somalia kutoka kwa Wabajuni waliokimbia visiwa vya kaskazini, Koyama, Chovai na Chula, wakaja kukaa Malindi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla yetu walikwishapita watafiti wa kila namna. Bibi mmoja alinionyesha kadi nne za watu waliomhoji maswali yale yale, akaniuliza kama ni vita vilivyopotea au ni majibu yake. Nilicheka kwa aibu. Basi chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kikaamua utafiti wote uwekwe pamoja, na wenyeji wafundishwe kuufanya wenyewe. Ofisi kuu ikawa Bofa, Kilifi, chini ya Daktari Oliver Gona, Mgiriama wa Ganze, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti. Mimi, Hafidha, nikapewa Malindi na wanafunzi sita.

Aliyewashinda wote sita alikuwa Bi Mwanatumu, mshonaji kofia mwenye miaka hamsini na tatu, aliyeishia darasa la saba. Wasichana wenye diploma walichoka kuandika mahojiano neno kwa neno, yeye hakuchoka. Alikwishazoea kuhesabu matundu ya sindano maisha yake yote. Alikuwa akiniita mwalimu kwa kunitania, kwa kuwa umri wangu ni wa binti yake, lau angejaliwa binti.

Hakujaliwa kwa sababu mumewe, Aboud, alibaki nyuma. Walikuwa na mwaka mmoja wa ndoa vita vilipofika kisiwani. Wanawake walitangulizwa kwa chombo cha kwanza, wanaume wafuate. Wanaume wakafuata, Aboud hakuonekana. Rafiki yake, Salman, akamwambia Bi Mwanatumu kambini Mombasa kwamba amesikia mumewe amepanda chombo kingine na yuko njiani. Hiyo ilikuwa mwaka 1992. Tangu hapo Bi Mwanatumu si mke wala si mjane. Walimposa watu wa maana, mmoja ana mashamba Magarini, akawajibu wote kuwa ana mume. Watu walimshauri aende kwa kadhi avunje ndoa, akasema hawezi kumwacha mtu aliye njiani.

Nilijua vizuri kilichomleta kwenye mradi. Hakuficha. Siku ya kwanza, kwenye mafunzo kule Bofa, kila mtu alipoulizwa anataka kujifunza nini, wenzake walisema wanataka ujuzi. Yeye alisema, "Nataka kumtafuta Aboud. Nyinyi mnauliza watu wengi, na mimi nitauliza pamoja nanyi."

Daktari Gona alitufundisha kanuni siku hiyo hiyo. Mtu asimhoji jamaa yake. Majina yaondolewe, ziwekwe namba. Na ulichoambiwa kwa siri usikitoe nje, hata kwa mwenzio wa mradi, ila kwa idhini ya aliyekwambia. Ruqaiya, mdogo wetu kuliko wote, aliuliza kama kanuni hiyo imewahi kujaribiwa Malindi, mji ambao kuku akitaga mtaa mzima hupata habari. Tukacheka sana. Tukatia saini, na mimi nikatia ya kwanza.

Ami Salman nilimhoji mimi mwenyewe. Siku hizi anauza barafu kwa wavuvi, mzee mwenye mgongo uliopinda na heshima zake. Nilimpa shikamoo, akanikaribisha ghalani mwake, akaniomba nifunge mlango. Kisha akaanza kusema na hakusimama kwa saa mbili.

Aboud alipigwa risasi ya tumbo akisukuma chombo majini. Walimpakia hivyo hivyo. Akafa usiku wa Miraji, mwezi ishirini na saba Rajabu. Asubuhi wakashuka ufukweni, mahali kusini ya Ras Kiamboni, wakamwosha kwa maji ya bahari, wakamkafini kwa kitambaa cha tanga, wakamzika. Walikuwa watano. Wanne wamekwishafariki.

"Nilipofika kambini," alisema Ami Salman, "nilimkuta Mwanatumu anaumwa kipindupindu, hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Nikamwambia Aboud yuko njiani, nikajisemea, akipona nitamwambia kweli. Akapona, akanipikia chai, akaniuliza chombo kile kitafika lini. Nikashindwa. Kesho yake nikashindwa. Basi."

Nilimsihi amwambie. Nilimsihi kama ninavyomsihi baba yangu anywe dawa.

"Mwanangu, nimemdanganya miaka thelathini na mmoja. Nikimwambia leo, ataniuliza jana nilikuwa wapi." Akaishika karatasi ya idhini niliyomsomea mwanzo. "Umenisomea hapa kuwa halitoki. Mimi nimesema kwa sababu ya karatasi hii. Nilitaka nife limetoka kifuani, lakini lisimfikie."

Siri ya mtungi aijuaye kata, nami sikuwahi kuomba kuwa kata. Niliifunga ile sauti kwa neno la siri, nikaipa namba arobaini na saba, nikapanda gari la Kilifi kumwona Daktari Gona.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yalimwiva mekundu. "Dada Hafidha, mimi pia naumia," alisema. "Lakini tukivunja ahadi ya mmoja, tumevunja za wote. Wapo waliotutajia wauaji walio hai. Niache niipelekee kamati ya maadili ya chuo."

Kamati ilikuwa ng'ambo. Jibu lilichukua wiki tano. Walinishukuru kwa kuleta suala nyeti, wakakumbusha kuwa idhini ya mhojiwa ndiyo msingi wa kazi yetu, wakashauri wote walioguswa waelekezwe kwenye huduma ya ushauri nasaha iliyo karibu. Karibu na nani hawakusema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilirudi kwa Ami Salman mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameweka mtu mlangoni wa kuniambia amelala.

Na kila Alhamisi, tukimaliza kazi, Bi Mwanatumu aliniuliza swali lile lile huku akikunja miwani yake. "Mwalimu, wiki hii hakuna aliyemtaja?"

"Hakuna, Bi Mwanatumu."

"Inshallah ijayo."

Nilichukia nafsi yangu. Nilianza kumkwepa, nikampa mahojiano ya mbali, mara Mambrui, mara Ngomeni, nikisingizia kuwa yeye ndiye hodari. Na kweli alikuwa hodari. Alirudi na kazi safi, akaniuliza tena.

Sasa nieleze nilivyoharibu. Kwetu jina la maiti haliachwi wazi. Tangu tukiwa watoto tulipigwa vibao kwa hilo. Ukimtaja aliyekufa bila kusema marehemu, bibi yako atakugeukia kama uliyemkanyaga mtu. Mpaka ukubwani ulimi huliweka neno lenyewe, wala huulizwi. Na kumwita hivyo mtu aliye hai ni kumwapiza.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, tuko chumbani mwetu juu ya duka la vitambaa, tunaoanisha majina ya mahali. Kila mradi uliotangulia ulikuwa umeviandika visiwa kivyake, nasi tulikuwa tunatengeneza orodha moja. Ruqaiya aliuliza ghuba fulani iko upande gani wa Koyama. Nilikuwa nimeinamia ramani, akili yote iko kwenye karatasi. Nikasema, "Si hapo alipokuwa akivulia marehemu Aboud?"

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema.

"Astaghfirullah, Hafidha!" Ruqaiya akaruka. "Mtu hakufa wewe wamfisha! Mwombe radhi Bi Mwanatumu."

Nilikuwa na nafasi. Ningecheka, ningesema ulimi hauna mfupa, ningembusu mkono, na yangepita. Nilifungua kinywa, machozi yakatangulia.

Bi Mwanatumu aliitazama sura yangu kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Ruqaiya mwanangu, shuka chini utununulie maji."

Tulipobaki wawili alivua miwani. Nilingoja apige ukelele. Nilitaka apige.

"Lini?" aliuliza.

"Bi Mwanatumu, mimi sina ruhusa..."

"Sikukuuliza ruhusa. Mwezi gani?"

"Rajabu. Usiku wa Miraji. Mwaka ule ule."

Akaanza kuhesabu kwenye pingili za vidole, midomo ikienda. Shaabani, Ramadhani, Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, na siku kumi. Nilielewa anachohesabu. Alikuwa anatafuta eda yake, miezi minne na siku kumi ambazo mjane hajipambi wala hajifukizi.

"Ilikwisha mwezi saba Mfunguo Tatu," alisema. "Kabla ya Idi kubwa. Na Idi ndogo iliangukia ndani." Akaitazama mikono yake. "Idi ndogo ile walisema kambini kuna vyombo vinakuja kutoka juu, upande wa visiwani. Niliazima hina kwa mke wa Yaseen, jirani yetu kambini, nikatia mpaka viwiko. Nikajifukiza udi. Nikaenda bandarini nimevaa leso mpya, wanawake wakanishangilia. Aboud yuko mchangani, Hafidha, na mimi najipamba."

"Hukujua. Mungu anajua kuwa hukujua."

"Sikujua kwa sababu aliyejua alinyamaza." Akanitazama. "Na wewe umejua tangu lini?"

"Wiki kumi na moja."

"Nikikuuliza kila Alhamisi."

"Ndiyo."

Hakunitukana. Alizikusanya karatasi zake, akazipanga ncha kwa ncha, akazibana.

"Amezikwa?"

"Amezikwa. Aliswaliwa."

"Wapi?"

"Ufukweni, kusini ya Ras Kiamboni. Mahali penyewe sipajui, wallahi. Anapajua mtu mmoja tu aliyebaki."

Nilijilaumu papo hapo kwa kulisema hilo, maana niliona uso wake ukibadilika. Alikuwa kama mtu aliyeokota kitu.

"Basi nitajie huyo," alisema. "Sitamgombeza. Naapa kwa Mungu, sitamuuliza hata kwa nini. Ataniambia mahali, nami nitakwenda kumsomea Yasini kabla miguu haijanikatika. Nakuomba kama unavyoomba mtu maji, Hafidha. Jina moja."

Ghala la barafu lilionekana dirishani, ng'ambo ya barabara. Nilimwona Ami Salman mwenyewe, amekaa kwenye kreti, anamrudishia mvuvi chenji. Bi Mwanatumu alikuwa amelipa dirisha mgongo. Nilikuwa nimekwishavunja ahadi, nimeivunja kwa neno moja la adabu, na nilidhani aliyevunja chungu hawezi tena kuogopa kumwaga maji. Lakini akilini nilimwona mzee yule wa siku ile, mlango wa ghala umefungwa, ameshika karatasi kwa mikono miwili. Nikawaona na wale wengine waliotaja wauaji.

"Kanuni hairuhusu," nikamwambia.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu, kwa maneno ya kwenye mafunzo. Bi Mwanatumu alitikisa kichwa pole pole, akafunga buibui lake, akateremka ngazi. Nikasogea dirishani. Alivuka barabara, akapita mbele ya ghala, na Ami Salman akainuka kwenye kreti kumwamkia kama afanyavyo kila siku. Bi Mwanatumu akaitikia, akamuuliza hali ya watoto, akaenda zake.