Kibanio Chekundu Upande wa Kushoto

...na kibanio chekundu ndicho alichokitaka, hicho hicho, kwa sababu cheupe kimevunjika jino na cha kijani kiko golini, na Félicité alikuwa ameshika fungu la nywele za Deborah kwa vidole vitatu, fungu la nyuma ya sikio, lile ambalo lisipobanwa huangukia yaliyokwisha kusukwa, lakini chekundu kilikuwa mezani chini ya kioo, juu ya taulo la bluu ambalo leo ni uwanja, na chekundu ni Serge, na mtu hawezi tu kunyoosha mkono akamtoa mdogo wake uwanjani wanaume wakiwa wamemwinamia, Léonard wa duka la simu la jirani upande huu, na Billy upande ule, Billy Mkenya anayeandika majina ya timu ya chuo na kumpelekea kocha, wote wawili wakisogeza vibanio vyake kama vile ni vyao, na ni desturi yao, kila mwaka siku ya kuamkia mechi ya kufungua msimu wanakuja hapa saluni Overport, Durban, wanapanga timu kwa vibanio, Billy anapiga picha anamtumia kocha, na zamani kocha alikuwa akicheka, lakini mwaka jana aliipanga timu vile vile walivyoipanga wao na wakashinda, tangu hapo hakuna anayecheka sana... "Mbele," Léonard alikuwa anasema, "Serge acheze mbele, mimi nasema tu, ule kijana iko na mbio, unamufunga kule nyuma juu ya nini?" na Billy akamjibu, "Léonard, wewe uza simu, mpira tuachie sisi, kocha anamtaka beki wa kushoto, apande na ashuke, apande na ashuke, dakika tisini," na kila aliposema apande kidole chake kilikisukuma kile kibanio chekundu kutoka chini ya taulo hadi juu, na aliposema ashuke akakirudisha, na Félicité akaona ngazi, ngazi za jengo lao kule South Beach, asubuhi ya leo, lifti imekufa tangu Jumatatu, Serge amembeba Ciza begani wanashuka ghorofa saba, Ciza anacheka na kumvuta masikio mjomba wake, na walipofika ya nne Serge akasimama, akamrudishia mtoto polepole kama mtu anayekabidhi sahani iliyojaa mchuzi, akakaa kwenye ngazi, akakunja suruali, na goti... goti halikuwa na umbo la goti, lilikuwa mviringo linang'aa, na lilikuwa la moto, aliligusa, moto kama mtoto mwenye malaria.

"Mama Ciza, unanivuta kidogo," Deborah alisema, taratibu tu, na Félicité akalegeza vidole akasema pole, samahani dada, na Deborah akasema hapana, si kitu, akampa fungu jingine la rasta za kuungia juu ya bega bila kugeuka, alikwisha kulitenganisha na kulilainisha, mteja gani mwingine hufanya hivyo, mwalimu wa chuo kikuu na bado anamchambulia msusi rasta ili vidole vyake visichoke, na ndiye huyu huyu Deborah aliyemweleza mwaka juzi, Félicité alipouliza kwa aibu kwa nini wanasema nne, tatu, tatu na hiyo inatoa kumi wakati wachezaji ni kumi na mmoja, nani amesahauliwa, Deborah hakucheka, alisema kipa hahesabiwi, Mama Ciza, yeye wanajua yupo, na tangu siku ile kila anaposikia zile hesabu zao humwonea huruma kipa, amesimama pale peke yake nje ya hesabu... na leo hata hesabu anazozijua zinampotea, alikuwa amesuka mistari mingapi, kumi na minne au kumi na mitano, huu wa nyuma ya sikio ni wa ngapi, na Léonard sasa amegeuka kumtazama, Léonard mwenye sauti ya kugombana hata anaposalimia, yeye ndiye aliyepunguza redio bila kuambiwa Ciza aliposinzia mgongoni, na Billy akaigeuza feni imwelekee mtoto, yeye mwenyewe jasho linamtiririka, hawa si watu wabaya, angekuwa amezungukwa na watu wabaya kusema kungekuwa rahisi au kunyamaza kungekuwa rahisi, kimojawapo... "Mama Ciza, mdogo wako iko fiti?" Léonard aliuliza, "amelala vizuri, amekula?" na kinywa chake kikajibu kabla yake, kikasema, "Iko fiti."

Iko fiti. Limetoka hivyo, jepesi, kama mtu anayemwita mteja barabarani, karibu dada, karibu nikusuke, na Léonard akapiga meza kwa kofi la furaha, akasema umesikia Billy, iko fiti, apelekwe mbele, na Billy akasema kama iko fiti ndiyo maana inatakikana nyuma, na sasa wote wawili walikuwa wanalijenga jambo lao juu ya neno lake, tofali juu ya tofali, na yeye ameshika nywele za watu... lakini aliahidi, pale kwenye ngazi aliahidi, Serge alimshika kiganja, akamwita yaya, dada mkubwa kwa lugha ya kwao, akasema, "Yaya, usiseme kwa mtu. Ilikuwa Jumanne, kwenye mazoezi, nilisikia kitu ndani kama kamba inakatika, lakini natembea, unaona natembea. Nikikosa mechi ya kwanza Nimbona anachukua nafasi, na chuo kinanisomesha kwa ajili ya miguu hii, si kwa ajili ya sura yangu," akajaribu kucheka, na yeye akasema basi twende kwa daktari, Serge akasema baada ya kesho, yaya, baada ya mechi moja tu, kisha akasimama, akamchukua tena Ciza, kwa nguvu, hakukubali yeye ambebe, akashuka ghorofa zote nne zilizobaki akitanguliza mguu mmoja kila ngazi, mguu, halafu mguu, kama bibi harusi, na anapiga mluzi, alikuwa anapiga mluzi ili dada yake asisikie anavyovuta pumzi, na hilo ndilo linalomchanganya, kwamba mtu anakudanganya kwa upendo na wewe unamsaidia kudanganya kwa upendo na katikati ya upendo wote huo kuna goti lina moto na hakuna anayelishughulikia.

"Shida ni mipira ya kurusha," Billy alikuwa anasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, sasa anasema mambo ya kweli, amekaa kwenye kiti cha kuoshea, "hapo ndipo watatuua kesho. Mpira ukitoka upande wa kushoto, Serge harushi. Ruphin lazima atoke katikati, akimbie mpaka mstarini, arushe yeye, na akitoka, ona," akakivuta kibanio cheusi kutoka katikati ya taulo hadi ukingoni, na katikati kukabaki kitambaa kitupu, bluu, kipana, hata Félicité asiyejua mpira akaona kwamba pale pana shimo, "ona hiyo nafasi, lori linapita," na Léonard akasema, "Na Serge mwenyewe asirushe juu ya nini? Ni maringo ile. Anajiona mukubwa," na Billy akasema, "Si maringo, buda, hawezi. Akirusha mkono mmoja unanyooka na mwingine unakataa, kiwiko kinabaki kimekunjwa, refa anapiga filimbi, mpira wanapewa wengine. Mwaka jana mara tatu. Tulicheka mpaka basi, anarusha kama mama anayemwaga maji ya vyombo," na Léonard akacheka, na Deborah akatabasamu kwenye kioo, na Félicité alikuwa ameshika mkia wa kitana juu ya kichwa cha Deborah na mkia wa kitana haukuwa unakwenda popote... kiwiko... kiwiko kinakataa, ndiyo, kinakataa, anakijua kile kiwiko kuliko mtu yeyote aliye hai, kule kwao Uvira, tanuru la matofali nyuma ya kanisa, mama amewakataza, msipande pale, matofali yale hayajashikana, na Serge ana miaka saba akapanda, na yeye Félicité ana miaka kumi na miwili akamwangalia, na tofali likateleza, na mtoto akaanguka juu ya mkono wake wa kushoto bila hata kulia, akakaa kwenye vumbi jekundu akasema, kwa sauti hii hii, kwa maneno haya haya, Mungu wangu, maneno haya haya, yaya, usiseme... na hakusema. Siku tatu. Alimvika shati akianzia mkono mbaya, polepole, alimlisha kwa mkono wake wakati mama yuko sokoni, alimpa na nyama yake mwenyewe, usiku akaweka mto chini ya ule mkono, na alijiona mwema, hilo ndilo, alijiona dada mwema kuliko dada wote wa mtaa ule, na siku ya nne mama alimwita Serge amshikie beseni na beseni likaanguka, wakampeleka kwa mzee anayeunga mifupa, na yule mzee akaupapasa mkono muda mrefu amefumba macho, akasema mfupa haungoji mtu, mama, ungemleta siku ile ile ningeunyoosha, sasa umekwisha kuchagua njia yake, na mama hakumpiga. Heri angempiga. Njia nzima ya kurudi alingoja kupigwa, na mama alimshika tu mkono, yeye, si Serge, akasema ulifanya kwa huruma, mwanangu, akasema hivyo tu, na hakulisema tena mpaka leo, na Félicité amelibeba lile neno, Uvira, Kigoma, mabasi yote yale, mpaka Durban, hajajua mpaka dakika hii kama lilikuwa neno la kumsamehe au la kumwonya.

Na shimo liko pale kwenye taulo. Hapo, bluu, katikati, na Billy amekunja uso analitazama, na Léonard amejishika kidevu, watu wazima wawili wanavunja vichwa vyao juu ya shimo na hawajui limetoka wapi, wanadhani ni mpira, wanadhani ni mfumo, labda watatu nyuma, labda Ruphin asimame karibu zaidi, na shimo lenyewe alilichimba yeye, akiwa na miaka kumi na miwili, kwa huruma, kwa kipande cha nyama na mto... na kesho je, na goti je, goti nalo litachagua njia yake, na miaka ijayo watu watakaa saluni fulani watacheka yule Serge anavyotembea, na mwingine atasema ni maringo... lakini Nimbona atachukua nafasi, na chuo, na karo, na atamtazama vipi, atasema yaya umeniuza, wewe, kati ya watu wote wewe, hatakula chakula chake, Serge akikasirika hali, anakaa dirishani anatazama bahari utadhani bahari imemkosea, na pengine daktari atasema si kitu, ni uvimbe tu, na atakuwa amemharibia bure, pengine, au pengine atasema mngemleta siku ile ile... Jumanne, leo Ijumaa, alihesabu kwenye vidole vilivyoshika nywele, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, siku tatu, na leo ya nne.

"Haya, nimechoka na wewe," Billy alisema, "abaki beki. Kocha anangoja picha," na Léonard akakubali, akasema sharp, sharp, lakini tukifungwa nitakuja na hilo taulo mpaka chuoni, na Billy akasimama, akainua simu juu ya meza, akasema, "Toeni mikono," na Léonard akatoa mikono yake, na mkono wa Félicité ndio ukaenda, ule wa kulia, kitana bado kimebanwa kati ya vidole, ukapita mbele ya kioo, ukashuka kwenye taulo upande wa kushoto, ukachukua kibanio chekundu. "Mama Ciza," Billy alisema kutoka nyuma ya simu, "unatuibia beki. Huyo ni Serge."

"Najua ni Serge," alisema, na akakifungua kibanio na kulibana lile fungu la nyuma ya sikio, likatulia, nywele zote zikatulia, na mkono wake wa kushoto ukawa huru kwa mara ya kwanza tangu saa nane, ukausikia uzito wa Ciza mgongoni, pumzi yake ndogo yenye joto la kawaida, joto tu. "Wekeni mtu mwingine. Goti lake limeumia tangu Jumanne. Alinikataza kusema."

Billy alishusha simu. Léonard alifungua kinywa, na Félicité akajua anataka kusema, lakini wewe umesema iko fiti, na akaona anavyolimeza neno hilo, Léonard, mwenye sauti ile, amelimeza kwa ajili yake, na Deborah akainua mkono juu ya bega akampa fungu jingine la rasta, limechambuliwa, limelainishwa, na yeye akalipokea, akagawa nywele pande tatu, akaanza, kulia juu, kushoto juu, leo Serge atarudi jioni na lifti haijatengenezwa, atapanda ghorofa saba amekasirika, kila ngazi amekasirika, na yeye atakaa mlangoni na mtoto amsikilize akija, atakuja polepole, atatukana, apande, apande tu, na huu ni mstari wa kumi na tano, sasa amekumbuka, wa kumi na tano, na feni ikageuka, ikampuliza, ikarudi kwa mtoto.