Mstari wa Nne

Kaka yake Bi Kamba alikuwa amekata shauri kabla ya kuuliza. Chumba cha uani kwake, cha kumhamishia mdogo wake, kilikuwa kimeshapakwa rangi, kitanda kimeingizwa, na mtoto wake wa kiume, aliyeoa juzi na hana pa kukaa, ndiye angekabidhiwa funguo za nyumba ya shangazi yake. Sababu alizitaja kwa upole wa mwalimu mkuu mstaafu. Mwezi wa pili Bi Kamba aliacha jiko likiwaka akaenda sokoni. Mwezi wa nne alikosea siku ya harusi, akatokea kesho yake amependeza, akakuta watu wanafumua turubai. Na mama yao alianza hivyo hivyo. Alipotimiza miaka sitini na moja walimkuta mtaa wa tatu, amesimama kwenye geti la watu, anamgombeza mwenye nyumba atoke nyumbani kwake.

Bi Kamba alikuwa na miaka hamsini na tisa. Jina hilo alilipata kazini, enzi ambazo wapima ardhi walikuwa bado wanaburuta kamba ya chuma porini, na mwanamke aliyeiburuta alikuwa yeye peke yake. Hakubisha kuhusu jiko wala harusi. Alisema tu kwamba mambo mawili si kipimo.

"Kipimo ni nini basi?" kaka aliuliza.

"Mji nisioujua, nchi nyingine. Niende peke yangu, nisiulize njia, nisifungue ramani ya simu. Niuzunguke kwa miguu na dira, halafu nichore mzingo. Mara moja tu. Ukifunga, funguo zangu zinabaki kwangu. Usipofunga, nakuja uani kwako na begi langu."

"Ukifunga maana yake?"

"Unatoka mahali, unapima kila mstari, unarudi ulipoanzia. Miguu itarudi tu, hata ya mbuzi hurudi. Kazi iko kwenye karatasi: mstari wa mwisho lazima uiguse nukta ya kwanza. Kwa hatua na dira, kosa la moja kwa mia linaruhusiwa. Likizidi hapo, mpimaji hakuwa makini."

"Au hakuwa na akili zake."

"Hilo umelisema wewe, kaka."

Ndivyo alivyojikuta, Jumatatu mchana, kwenye nyumba ya wageni iliyo juu ya duka la fundi cherehani, katika mji ambao hakumjua hata mbwa. Chumba kilikuwa na meza, kiti kilichoyumba na dirisha lililotazama paa za mabati. Lugha ilikuwa ile ile, ila watu wa huku waliisema kwa haraka, kama wanaowahi basi. Kabla ya kufungua begi, alitoa utepe, akapima mita mia kando ya ukuta wa ghala la jirani, akazitembea mara sita. Wastani, hatua mia moja thelathini na mbili. Aliiandika namba hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, akaipigia mstari.

Jumanne alitoka saa mbili asubuhi. Kwenye mfuko wa kulia alikuwa na kokoto kumi. Kila hatua mia, moja ilihamia mfuko wa kushoto, ili kichwa kisibebe zaidi ya mia kwa wakati mmoja. Kwenye kila kona alisimama, akasoma dira, akaandika nyuzi na hatua. Mstari wa kwanza ulifuata maduka ya vipuri. Wa pili ulipita nyuma ya shule, wa tatu ukateremka hadi darajani. Hapo alimkuta fundi cherehani wa pale chini, mwanamke wa miaka arobaini hivi, amekwama na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na cherehani kubwa ya chuma, ya kushonea maturubai, anaipeleka kwa makanika aliye karibu na geti la hospitali.

"Dada mkubwa, si wewe ndiye mgeni wangu wa juu? Nipe mkono, mlima huu una roho mbaya."

Geti la hospitali ndilo lilikuwa kituo chake kinachofuata. Bi Kamba alishika upande mmoja, wakasukuma.

"Mbona midomo haitulii?" fundi aliuliza baada ya muda. "Unasali?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini, wachumba?"

"Wachumba ningekuwa nimewamaliza kabla ya ile kona."

Fundi alicheka hadi mkokoteni ukarudi nyuma nusu mita. Getini Bi Kamba aliandika: mstari wa nne, nyuzi sitini na mbili, hatua mia tatu tisini na sita. Akaagana naye, akaendelea na mistari saba iliyobaki. Saa tano asubuhi aligusa tena mlango wa nyumba ya wageni, bila kumuuliza mtu.

Jumatano alichora. Sentimita moja kwa mita ishirini, rula, kipimapembe, penseli iliyochongwa kwa wembe. Mistari kumi na mmoja, jumla ya mita elfu mbili na mia nne. Mstari wa mwisho uliishia sentimita nne mbali na nukta ya kwanza.

Mita themanini. Ruhusa yake ilikuwa ishirini na nne.

Aliutazama ule mwanya. Mpimaji yeyote anajua namna ya kuuficha: unaligawa kosa, kila mstari unalimeza kidogo, ramani inatoka nzuri na hakuna wa kuuliza. Kaka asingejua milele. Bi Kamba aliifungia penseli kwenye droo.

Simu ililia saa kumi na moja.

"Haya, umefunga?"

"Haujafunga. Mita themanini."

"Chumba kina dirisha, mdogo wangu. Nimeshanunua na pazia."

"Usilitundike bado. Kesho nakagua."

"Ulisema mara moja."

"Kupima ni mara moja. Kukagua ni wajibu. Ofisini hatukupokea ramani isiyokaguliwa, hata ya mkurugenzi."

Hakumwambia alichokiona. Mwanya ule ulielekea nyuzi sitini na sita, karibu sawasawa na mstari wa nne, na kosa kubwa moja kwa kawaida hulala sambamba na mstari uliolizaa. Lakini anayekagua mstari anaoushuku tu ameshajiandikia jibu. Alhamisi alipiga moyo konde, akaitembea mistari yote kumi na mmoja.

Mistari kumi ilikubaliana na daftari. Iliyotofautiana zaidi ilitofautiana kwa hatua tano. Wa nne ulitoa hatua mia mbili tisini na saba.

Alirudi kusimama kwenye geti la hospitali, watu wakimpita na chupa za chai na shuka. Upungufu ulikuwa hatua tisini na tisa. Mia, kasoro moja. Kokoto moja. Picha ilijichora yenyewe: mwanamke mzima anahamisha kokoto, anapiga domo, anasahau kwamba ameihamisha, anahamisha nyingine. Huyo angekuwa mama yake.

Maelezo mengine yalikuwapo. Mtu anayesukuma chuma mlimani hufupisha hatua. Huenda hatua zile zilikuwa mia tatu tisini na sita kweli, ila fupi. Maelezo hayo aliyapenda, na kwa sababu hiyo hakuyaamini. Yalihitaji kupimwa.

Alishuka hadi dukani.

"Ile cherehani iko wapi?"

"Hiyo hapo, imepona. Nimeirudisha jana kwa jasho langu," fundi alijibu, pini mdomoni.

"Nataka tuipandishe tena hadi getini."

Fundi alizitoa pini moja moja. "Dada mkubwa, ina ugonjwa gani tena?"

"Ugonjwa ni wangu. Au si wangu. Ndilo ninalotaka kujua." Akamweleza, kavu kavu: jiko, harusi, mama, funguo, kokoto.

Fundi alimtazama, kisha akaning'iniza kitambaa mlangoni kuonyesha hayupo. "Ila usinikimbize. Nyonga yangu ni ya kukalia kiti."

"Mwendo utaweka wewe. Na uhesabu hatua zangu kwa chaki yako, kila mia mstari mmoja kwenye ubao wa mkokoteni. Mimi nitahesabu kwa kokoto. Tusiambiane hadi juu."

Walianzia darajani. Hakuna aliyezungumza, isipokuwa pale mwendesha pikipiki alipowakata njia na fundi akamtajia ukoo wake wote. Bi Kamba hakuinua macho. Kokoto ya kwanza ikahama, ya pili, ya tatu. Getini walisimama wakihema.

"Sema wewe," alisema Bi Kamba.

"Mistari mitatu na themanini na nane. Labda tatu nne zimeniponyoka nikimtukana yule mshenzi."

"Mimi mia tatu tisini na moja."

"Ni nzuri au mbaya?"

Bi Kamba alikalia ukingo wa mtaro, akafungua daftari. Kokoto za Jumanne zilikuwa sawa. Hatua zilikuwa mia tatu tisini na sita kweli, lakini zilikuwa hatua za mkokoteni, naye alizigeuza kuwa mita kwa namba ya ukuta wa ghala, namba ya mtu anayetembea mikono mitupu. Mstari wa mita mia mbili ishirini na tano ameuandika mia tatu. Lilikuwa kosa la kizembe. Kijana aliyemletea kosa kama hilo alimrudisha porini siku hiyo hiyo. Lakini lilikuwa kosa la mpimaji.

"Ni mbaya kwa mpima ardhi," alisema. "Kwangu mimi ni nzuri."

Alichora upya mchana huo. Mwanya ulibaki milimita nne, mita nane ardhini. Safari hii yeye ndiye aliyepiga simu.

"Mita nane, kaka. Karibu moja kwa mia tatu." Akamsimulia kosa lenyewe bila kulipunguza.

Kaka alisikiliza hadi mwisho. "Na jiko?"

"Jiko niliacha likiwaka. Hilo mzingo haulijibu, na siwezi kudai unalijibu. Nikirudi nitakwenda kwa daktari, na utanisindikiza, umsikie kwa masikio yako. Akisema kuna ugonjwa, tutakaa tuzungumze upya, na mimi ndiye nitakayeanza kuzungumza. Mpaka hapo funguo ni zangu."

"Na kijana wangu nimwambie nini?"

"Mwambie ana mke, atafute nyumba ya kupanga."

Kaka aliguna, guno refu la mtu anayesahihisha mtihani na kukosa pa kuweka alama ya kosa. "Unarudi lini?"

"Jumapili."

"Na siku mbili zilizobaki?"

"Ng'ambo ya mto," alisema Bi Kamba. "Upande ule bado sijauchora."