Mkalimani wa Mama Thérèse

Wengi hudhani ukalimani ni kujua lugha mbili, basi. Laiti wangejua. Lugha ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kukubali kusema "mimi" kwa niaba ya mtu usiyemjua, awe mwizi, awe mwongo, awe mjane asiyeweza kumaliza sentensi. Msemaji akisema "mimi nilimpiga," mkalimani hasemi "anasema alimpiga." Anasema "mimi nilimpiga," anameza mate, anangoja sentensi inayofuata. Arlène alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka minane katika mahakama na ofisi za Johannesburg, na kwa mdomo wake alikuwa ameshaua watu wanne, ameshaibiwa mara zisizo na idadi, na kuna Jumatatu moja alizaa mapacha. Hiyo "mimi" hakuwahi kuikosea hata siku moja, na alijivunia sana.

Siku hiyo aliitwa kwenye ukumbi mmoja kule Newtown. Kamati ya wabunge ilikuwa ikizunguka kusikiliza watu juu ya muswada mpya. Katiba ya nchi ilishasema zamani kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya anayempenda, na wabunge hawa walitaka sasa kauli hiyo iwe na meno: mwenye nyumba atakayemtoa mpangaji kwa sababu amempenda wa jinsia yake, au kwa sababu anaishi kama mwanamke ilhali aliandikwa mwanamume alipozaliwa, afikishwe mahakamani haraka na atozwe faini. Vivyo hivyo mwajiri atakayemwachisha mtu kazi, na shule itakayomkataa mtoto. Arlène aliusoma muswada siku moja kabla ili ajiandae na maneno. Alipofika kwenye kifungu cha wapangaji aliziweka karatasi chini, akaenda kuchemsha chai.

Alikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia, mwezi wa sita, yeye na Benita walikuwa wamepanga chumba Bellevue, katika nyumba moja ya zamani iliyogawanywa vyumba saba. Benita alikuwa msusi wa nywele, mzaliwa wa Lubumbashi, na huo ulikuwa mwaka wao wa tano pamoja. Maneno yakamfikia mwenye nyumba. Wakiwa kazini, alileta fundi akabadilisha kitasa, akatoa vitu vyao nje ya geti, kisha akawasubiri awaambie, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, kwamba nyumba yake haikujengwa kwa ajili ya wanawake wanaooana. Walilala siku tisa sakafuni kwenye saluni, katikati ya viti na harufu ya dawa za nywele, hadi walipopata chumba Troyeville. Baridi ya Juni mjini hapa haina utani, na Benita alikohoa mpaka Agosti.

Lakini kilichomuuma Arlène si sakafu. Mama yake mzazi alikuwa akikaa mitaa miwili tu kutoka kwenye geti lile.

Mama Thérèse aliuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu katika soko la Yeoville, na watu wote wa Kivu, kule Kongo ya mashariki alikotoka, walimjua. Miaka mitatu nyuma Arlène alimweleza ukweli wake. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akasema neno hilo lisirudi tena nyumbani mwake, kisha akapakua chakula. Tangu hapo waliishi kwa mapatano ambayo hakuna aliyeyatamka. Kila Jumapili baada ya ibada Arlène alikuja peke yake, wakala, wakaongea bei ya samaki na ndoa za watu, akaaga. Jina la Benita halikupita kinywani mwa mama hata mara moja. Kwa hiyo alipofukuzwa hakuthubutu kwenda kubisha hodi, maana mama angeuliza kisa, na kisa chenyewe kilikuwa neno lile lile lililokatazwa. Baadaye alimdanganya kwamba kodi ilipanda. Mama aliitikia tu, "Sawa," akamwongezea sombe.

Basi asubuhi ile ya Newtown, yapata saa nne, Arlène ameshakaa kwenye meza ya wakalimani na glasi yake ya maji, watu wa kanisa wakaingia. Alimwona kwanza Pasta Gustave, mrefu, na bahasha mkononi. Kisha akaona kilemba cha kitenge cha kijani ambacho yeye mwenyewe alimnunulia mama yake, sikukuu ya Krismasi. Mama yake hakuwahi kumwambia kama atakuja, na yeye hakuwahi kumwambia mama kazi ya wiki hiyo ni ya nini.

Pasta Gustave hakuwa mtu mbaya, na tuliseme hilo mapema. Mwaka 2008, wageni walipokuwa wakipigwa na kuchomewa nyumba, ndiye aliyewaficha Mama Thérèse na binti yake wa miaka kumi na minne chini ya jukwaa la kanisa, siku nne, akiwaletea mkate na chai. Ila kwenye jambo hili la muswada alikuwa amefunga mlango na ufunguo ameutupa. Alikuwa na hotuba ya kurasa tatu. Mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyomteremka puani, alimjibu kwa upole kwamba viongozi wa dini wameshasikilizwa siku zilizopita, na leo ni zamu ya wakazi wa kawaida. Pasta hakubishana. Aliinama akachagua ukurasa mmoja, akauweka mikononi mwa Mama Thérèse.

Arlène akamwendea karani wa kamati, akamnong'oneza kwamba huyu anayesimama ni mama yake mzazi, na kwa taratibu za kazi hafai kumtafsiria. Karani, msichana mchangamfu wa Soweto, akapekua orodha yake. Mkalimani mwingine wa Kiswahili hakuwepo. Akasema kama ni mama yake ndiyo vizuri zaidi, watasikilizana; "sharp," yaani mambo safi, akamwonyesha dole gumba. Arlène angeweza kukataa. Lakini angekataa, mama angerudishwa kitini bila kusikika, mbele ya kanisa zima, na katika nchi hii mama alishanyamazishwa mara nyingi mno. Akapiga moyo konde, akarudi mezani.

Mama Thérèse alijitambulisha kwanza kwa maneno yake mwenyewe. Jina lake, mtaa wake, miaka yake ishirini ya kuishi Johannesburg. Arlène akawa anayasema yote kwa Kiingereza: mimi ni Thérèse, mimi ni mjane, mimi nauza sokoni. Hadi hapo ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Kisha mama akaanza kusoma karatasi ya pasta polepole, akifuata mistari kwa kidole, hadi kidole kikafika chini ya ukurasa, kikasimama kidogo, na mama akasoma: "Nyumbani kwangu hakuna watu wa namna hiyo, wala hawatakuwapo."

Hakumwangalia binti yake aliposoma hayo. Arlène naye hakuangalia popote. Alijikaza kisabuni, akaileta sentensi nzima kwa Kiingereza, kwa sauti safi isiyotetereka, bila kupunguza neno: nyumbani kwangu hakuna watu wa namna hiyo, wala hawatakuwapo. Ukumbi ukasikia. Alikuwa amejikana mwenyewe kwa kinywa chake, na karani akatia alama kwenye safu ya wanaopinga. Uchungu alioupata hapo ulipita ule wa kukuta godoro lao limelowa nje ya geti.

Ingeishia hapo, kama si mzee mmoja wa kamati aliyekuwa amekaa pembeni tangu asubuhi bila kusema lolote. Aliomba nafasi. Aliuliza kama mama ana watoto, na mama akajibu anaye mmoja. Mzee akaendelea na swali lake, taratibu, kama mtu anayemuuliza jirani. Lilikuwa swali ambalo kwa mwaka mzima Arlène alishindwa kumuuliza mama yake, na sasa mtu mwingine kalileta, na yeye analipwa kulitamka. Akamgeukia. Kiswahili cha ofisini kikamkimbia, akauliza kwa kile cha nyumbani, cha Kivu.

"Mama, kama bakimufukuza mutoto wako mu nyumba, juu ya mambo hii, ataenda wapi?"

Mama Thérèse aliikunja karatasi ya pasta mara mbili. Wasemaji wote walikuwa wameelekezwa wawatazame wabunge wakati wa kujibu. Yeye akamtazama mkalimani.

"Angekuya kwangu," alisema.

Arlène akatafsiri: angekuja kwangu. Mzee wa kamati akaitikia kwa kichwa, akidhani jibu limekwisha, akaanza kuandika. Mama akaendelea.

"Lakini hakukuya. Bakamufukuza hapa Bellevue, mu baridi. Miye nikasikia ku soko, siku ya tatu. Nikapika kila magaribi, chakula ya batu batatu. Mulango sikufunga. Nikasema, ni mutoto wangu, atakuya. Nikamungoja mupaka bakaniambia amepata nyumba Troyeville."

Chakula cha watu watatu. Arlène aliyasikia vizuri, na Kiingereza chake chote alikuwa nacho, hakuna neno lililompotea. Ila mdomo haukufunguka. Siku tisa alilala kwenye sakafu ya saluni akiogopa mlango ambao haukuwa umefungwa. Alimwogopa mama yake bure, au si bure, hakujua tena. Alichojua ni kwamba sufuria lilikuwa mekoni jioni zile zote na yeye hakwenda. Pasta Gustave alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mwenyekiti akasukuma miwani juu. Akamuuliza mkalimani kama amelisikia jibu.

Arlène alisimama, jambo ambalo wakalimani hawafanyi. Akajaribu kuanza na "mimi", kama alivyofundishwa, kama alivyofanya kwa wauaji na wezi na wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Haikutoka. Ikatoka nyingine.

"Mama yangu anasema aliningoja," alisema kwa Kiingereza.

Akalia hapo hapo, mbele ya wabunge, na hakujificha. Kisha akafuta uso akalitafsiri jibu lote tangu mwanzo, baridi, soko, chakula, mlango, hadi Troyeville. Kila mahali palipotakiwa "mimi" aliweka "mama yangu", na hakuna mtu wa kamati aliyemsahihisha.

Mwenyekiti alimshukuru mama. Kisha akauliza, maana taratibu zilimtaka aulize, kama aandikwe anaunga mkono muswada au anaupinga. Mama Thérèse alifikiri. Alisema waandike anapinga, kwa kuwa karatasi ya pasta ilisema hivyo na yeye ameisoma mbele ya watu. Na hili la pili aliloulizwa waliandike vilevile, wasilifute. Karani akaandika yote mawili. Wasomaji wa kumbukumbu zile watapata taabu, lakini hiyo ni taabu yao.

Baada ya mapumziko Arlène aliendelea na kazi. Waliongea watu wengine watano, na akawa kila mmoja wao kwa zamu, bila kukosea. Saa nane basi la kanisa likaondoka. Kilemba cha kijani hakikutoka. Mama Thérèse alibaki kwenye safu ya nyuma, mkoba mapajani, akisikiliza lugha asiyoielewa, mpaka saa kumi viti vilipoanza kukunjwa.

Arlène akamfuata. Aliketi kiti cha pembeni yake. Mama ndiye aliyesema kwamba mawazo yake juu ya sheria ile hayajabadilika, Arlène asijidanganye. Arlène akasema amesikia.

"Wewe haukukuya," mama akasema. "Basi leo miye ninakuya."

Walitoka nje, wakangoja taa za barabarani ziruhusu, wakavuka kuelekea kituo cha teksi za upande wa mashariki. Mama alitembea polepole kwa sababu ya goti. Walipofika katikati ya barabara alimshika binti yake mkono, na wakati huo huo akauliza, macho yakiwa mbele kwenye magari.

"Benita anakulaka sombe?"

Arlène akamwambia kwamba anakula.