Mshindi Asiyefundishwa

Mtaa mzima ulimwita Sindano, na si kwa sababu ya kazi yake ya maabara peke yake. Neno lake lilikuwa linaingia, linatoa damu, kisha anakwambia kunja mkono, anayefuata apite. Mwanawe wa pekee alikulia chini ya ulimi huo na alijua kuukwepa. Jioni hiyo hakuukwepa.

"Mama, mjomba amejiandikisha kwenye kozi yangu."

Sindano aliacha shati alilokuwa akilikunja. "Mjomba yupi?"

"Nina wangapi?"

"Yule fundi? Anayesoma gazeti kuanzia picha?"

"Huyo huyo. Na anataka kuuza mashine ya randa ili aingie sokoni kwa nguvu zote."

Hapo Sindano alikaa. Mashine hiyo aliinunua baba yao. Ilikaa katikati ya karakana ya mdogo wake kama ng'ombe wa maziwa. Ubao ulioingia upande mmoja una magamba ulitokea upande wa pili laini kama shavu. Milango ya nusu ya mtaa ilipita pale. Bila mashine hiyo fundi angebaki mtu mwenye nyundo.

Na soko lenyewe lilikuwa ndani ya simu. Swali linawekwa: daraja jipya litafunguliwa kabla ya mwezi kwisha? Anayeamini ndiyo ananunua hisa za "ndiyo", anayebisha ananunua za "hapana", na bei inapanda na kushuka kwa kadiri watu wanavyonunua. Jambo likitokea, hisa za "ndiyo" zinalipa, za "hapana" zinakuwa hewa. Unaweza pia kuuza katikati, kabla jibu halijajulikana, na kila ukinunua au kuuza, wenye soko wanamega chao. Kijana alifundisha watu biashara hiyo kila Jumamosi, katika ukumbi wa kukodi juu ya duka la dawa. Aliwafundisha kuuliza kwanza jambo kama hilo limetokea mara ngapi huko nyuma, ndipo wasikilize mioyo yao. Hakuwa tapeli. Alikiamini alichokifundisha, na hilo ndilo lililomkera mama yake zaidi, maana tapeli ungemwitia polisi.

"Umeshapima?" aliuliza Sindano.

"Nipime nini?"

"Kama kozi yako inasaidia."

"Wanafunzi wangu wenyewe wanasema..."

"Mgonjwa akimeza kidonge akapona, anamsifu aliyempa, hata kama kilikuwa chokaa. Sikuulizi wanasemaje. Nakuuliza, umepima?"

Kijana alijikuna shingo. Hakuwa amepima.

Basi wakapima. Sindano alipanga jaribio kama anavyopanga mirija kwenye kichanja. Wote waliojiandikisha msimu huo waliitwa ukumbini, wakachota vikaratasi kutoka kwenye bakuli. Aliyepata alama anasoma kozi, aliyepata cheupe anasubiri. Makundi yote mawili yangebashiri maswali yaleyale kwa miezi mitatu, kwa pointi za bure badala ya pesa, makato ya soko yakiwepo vilevile, na kila mtu angetumia namba badala ya jina, ili wanaohesabu wasijue wanamhesabu nani. Na fundi aliapa mbele ya mkewe na dada yake kwamba hataigusa mashine hadi majibu yatoke.

Alichota cheupe. Akakiinua juu kama mtu aliyeshinda kuku kwenye bahati nasibu. "Mnaona? Hata bakuli linajua mimi sihitaji shule!"

"Bakuli halijui kitu," alisema Sindano. "Kaa chini."

Alicheka, akakaa. Kucheka kulikuwa tabia yake tangu utotoni. Sindano alimfunga viatu akicheka, akampeleka kunyoa akicheka, akamzika naye baba yao na hata siku hiyo alimwona akitafuta mahali pa kutabasamu. Hakupenda kukiri, ila miezi yote mitatu alibeba picha moja kichwani: ukumbi umejaa, majibu yanasomwa, na mdogo wake yuko mkiani, kichwa chini, kicheko kimemwishia mdomoni. Picha hiyo ilimfariji kuliko ilivyopaswa kumfariji dada.

Siku ya kuhesabu, mama na mwana walikaa meza moja mpaka chai ikapoa mara mbili.

Jibu la kwanza lilimfanya kijana asimame. Waliofundishwa walibashiri vizuri zaidi. Wakisema jambo lina uwezekano wa saba kwa kumi, kweli lilitokea karibu mara saba kwa kumi. Wasiofundishwa walikuwa na uhakika wa kila kitu, mvua, mechi, bei ya mafuta, na walikosea kwa uhakika uleule.

"Mama! Inasaidia!"

"Hesabu pointi."

Wakahesabu pointi, na kijana akarudi kitini taratibu. Makundi yalikuwa yamelingana. Waliofundishwa walikuwa nyuma kidogo. Kile walichojifunza kiliwawasha vidole. Kila walipoona bei imekosea kidogo walinunua, kesho yake wakauza, na kila mara soko likamega. Walijua zaidi, wakahangaika zaidi, na faida yote ikaishia kwenye makato ya soko.

Kijana aliikodolea macho ile karatasi. Nje mtu alikuwa akipiga mswaki kwa kelele.

"Tuwaambie lipi?" aliuliza.

"Wewe unaonaje?"

"Yote mawili. Ingawa la pili litaniua."

Sindano akasema, "Osha vikombe," kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kumsifu mtu.

Kosa lilitokea ukumbini, na lilikuwa la Sindano mwenyewe. Kazini kwake kuna sheria ambayo hajawahi kuivunja: majibu ya mtu hayasomwi mbele ya benchi la wanaosubiri. Kila mtu anapewa lake dirishani, kwa sauti ya chini. Kijana alipomaliza kueleza matokeo ya makundi, la kwanza na la pili, bila kuficha, alisema ya mtu mmoja mmoja atayatuma kwa simu.

"Kwa nini?" alisema Sindano. "Watu wazima hawa. Wasikie papa hapa."

"Mama, ya mtu mmoja hayana maana. Ni ya kundi ndiyo yenye maana."

Sindano alijua. Alijua kuliko mwanawe. Lakini alikwisha kuichukua karatasi ya namba zilizopangwa kwa pointi, na alianza kuisoma kutoka chini.

Alitaja namba ya mkiani. Akainua mkono mwanamke muuza viatu, mwanafunzi wa kozi, amejikunyata. Sindano alikunja uso. Hakuwa huyo aliyemtarajia. Akataja inayofuata. Mzee mmoja wa duka la vipuri. Inayofuata. Akaendelea kupanda, namba kwa namba, na kila mkono ulioinuka haukuwa ule, na ukumbi ukaanza kunong'ona, na sauti yake ikapungua nguvu. Ilipobaki namba moja, ya juu kabisa, hakuitaja. Hakukuwa na haja. Mtu mmoja tu ndiye hakuwa ameinua mkono, na alikuwa amesimama tayari, meno yote nje.

"Dada!" alipaza sauti fundi. "Isome na hiyo!"

Jumatatu wifi yake alimfuata kazini. Alisimama kwenye kidirisha cha kupokelea sampuli, mtandio umemwanguka begani, na nyuma yake wagonjwa walikuwa wanasubiri.

"Mnunuzi amekuja na spana," alisema. "Mota ameing'oa, ameondoka nayo. Mwili wa mashine anaurudia Alhamisi na gari."

Sindano aliuweka chini mrija wa damu aliokuwa ameushika.

"Nilimwambia aliapa. Ananiambia kiapo kilikuwa mpaka majibu, na majibu dada yake mwenyewe ndiye aliyeyasoma." Wifi aliinama karibu na kioo. "Wifi, nikuulize kwa heshima. Ulikuja kumwokoa au kumsindikiza?"

Sindano alimwita mgonjwa anayefuata.

Jioni alimkuta mwanawe akifuta ubao wake wa kufundishia.

"Mfundishe mjomba wako," alisema.

"Kozi nzima? Kabla ya Alhamisi?"

"Somo la kwanza. Lile la sarafu."

"Si ulisema kozi haisaidii?"

"Nilisema haileti faida. Sikusema haina kitu ndani yake." Alivua viatu bila kumtazama. "Aliyeihitaji kuliko wote ndiye aliyepata cheupe. Nenda."

Alhamisi asubuhi waliokuwa kwenye jaribio walijaa karakanani, wale wa kozi na wale wa vyeupe, wamesimama kati ya fremu za milango na marundo ya maranda. Fundi aliwakaribisha kama bwana harusi. Mashine ilikuwa katikati, na mahali pa mota palikuwa na tundu na nati zilizolegea.

"Kila mtu atoe sarafu," alisema kijana. "Turushe pamoja. Aliyepata upande wa namba anakaa. Aliyepata picha anabaki amesimama."

"Mpwa wangu, sisi watoto?" alisema fundi.

"Mjomba, nikubalie tu."

Wakarusha. Sindano alipata namba, akakaa juu ya gunia la maranda. Nusu ya watu walikaa naye. Wakarusha tena, wifi akakaa, na mzee wa vipuri. Mpango Sindano aliujua: atabaki mmoja, yeyote, kijana atamwomba siri ya ushindi wake, watu watacheka, na fundi ataona. Wakarusha tena. Walibaki wawili, muuza viatu na fundi.

Wakarusha. Muuza viatu akatazama kiganja, akakaa.

Fundi alibaki peke yake.

Hakuna aliyecheka. Kijana alimtazama mama yake kama mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta. Wifi alifunika uso. Sindano aliona kila kitu kinateremka: sasa hata sarafu imempa ushindi, sasa hakuna wa kumshika. Alifungua mdomo, na mwanawe, kwa mara ya kwanza maishani, akamwinulia mkono anyamaze.

"Hongera, mjomba," alisema kijana. "Tueleze. Umefanyaje?"

"Nimefanyaje?" Fundi alitanua kifua. "Ni hivi." Akaangalia kidole gumba chake. Akaangalia sarafu. Tabasamu lilikuwepo bado, lakini lilikuwa linangoja maneno, na maneno hayakuja. "Nimerusha tu."

"Hukuona dalili yoyote?"

"Dalili gani? Si sarafu!"

"Sisi wote tumekaa. Wewe umesimama. Lazima kuna kitu unakijua."

"Sijui kitu, mpwa. Imeanguka ilivyoanguka."

Gari lilipita nje, halikuwa la mnunuzi. Waliokaa walimtazama kutoka chini, nyuso zimeinuka, na labda ni nyuso hizo zilizomfikia, kwa kuwa ndivyo walivyomtazama ukumbini.

"Na lile daraja?" alijiuliza mwenyewe, kwa sauti ndogo. "Nilinunua 'ndiyo' kwa kuwa mteja alikuwa na haraka ya mlango, nikaona watu wana haraka siku hizi." Alijaribu kucheka. "Na mechi ile... niliwapenda kwa jezi."

"Ulipata, mjomba."

"Nilipata." Akageuza sarafu. "Kama hivi."

Alikaa. Alikaa ukingoni mwa mashine, mkono mmoja ndani ya lile tundu, akizipapasa nati kama mtu anayetafuta jino lililong'oka. Kicheko kilimtoka usoni chote. Sindano, aliyeingoja picha hiyo miezi mitatu, aligeukia ukutani.

Gari lilipokuja, fundi alitoka mwenyewe kumwambia mnunuzi kwamba mwili hauuzwi. Mnunuzi alisema sawa, mwili si mali yake bado. Lakini mota alikwisha kuifunga kwenye mashine nyingine, mji mwingine, na biashara ya mota ilikwisha. Hawakugombana. Alichosema kilikuwa kweli.

Kijana alibadilisha tangazo la kozi. Aliandika kwamba kozi itakusaidia kujua, na haiahidi kukusaidia kupata. Jumamosi iliyofuata ukumbi uliokuwa unajaa ulikuwa na benchi moja la watu. Aliwafundisha hao.

Kutoka kazini Sindano hupita karakanani. Siku hizi karakana haingurumi. Unasikia randa ya mkono tu, inakwenda, inarudi, inapumzika. Jioni moja aliingia, akaweka mkoba chini, akashika upande wa pili wa ubao mrefu uliokuwa unacheza.

Mdogo wake alisukuma randa mara kadhaa. Shati lilikuwa limeloa mgongoni.

"Nilitaka uwe wa mwisho," alisema Sindano. "Ndiyo maana nilisoma."

"Najua, dada. Ulipoanza kusoma kutoka chini nilijua." Alipuliza maranda kutoka kwenye mdomo wa randa, akapima ubao kwa jicho moja. "Kaza mkono. Unauachia ubao."

Akakaza.